Betri ya Mwakani

Mjukuu wangu Twalib,

Umepotea kama mtu asiye na kwao. Unasema gari lako la umeme haliwezi kuja Mkange na kurudi Dar kwa chaji moja, kwa hiyo unangoja la mwakani, lenye betri ya kwenda mbali. Haya. Huku mihogo imestawi, na mbuzi kazaa pacha. Babu yako haoni tena, chakula anakigusa tu. Kila gari likipita anauliza, "Ni Twalib huyo?" Daktari hakututajia mwakani.

Umeme hata sisi tunao, baba. Njoo uchomeke hilo gari lako, ulale, asubuhi urudi. Na ukifika piga honi, maana halina mlio, naye anakungoja kwa masikio.

Bibi yako Mosi, kwa mkono wa shangazi yako Wahida