Chupa Sita za Marehemu

Jumapili, 1 Septemba 2024

Siku ya ishirini na saba. Wageni wa mwisho waliondoka juzi. Nimefuta vumbi la saruji ya kiwanda dirishani mara mbili leo — upepo wa Wazo haujali kama nyumba ina msiba.

Saa kumi na moja jioni nikajimiminia kidogo. Ya kwanza tangu mume wangu Theonest afariki. Talisker, ile ya miaka kumi, na matone matatu ya maji. Chumvi inatangulia, utamu kidogo, halafu pilipili manga inakuja kooni wakati umeshadhani mambo yamekwisha. Napenda wiski inayochelewa kusema neno lake.

Stoo ya vinywaji ndiyo iliyoniharibu. Miaka kumi na tisa hotelini Masaki, nahesabu chupa za watu. Mwaka wa tatu akaja bwana mmoja wa kampuni ya kusambaza, kutufundisha. Akatupanga kama watoto wa chekechea, tukaonja glasi nne za wiski, single malt kutoka Uskoti. Wenzangu wote walisema inaunguza. Mimi nikasema hii ina peasi, hii ina zabibu kavu, hii inanuka wodi. Akaweka kalamu chini, akaniangalia. Tangu hapo kila Desemba najinunulia chupa moja. Sasa ziko sita, kwa sababu sina haraka.

Theonest hakuwa mnywaji. Hata bia. Alisema tumbo lake linakataa. Lakini kunusa! Namsogezea glasi puani, anafumba macho, anasema hiyo ile ya wodi. Na kweli, Laphroaig. Sikumbuki akikosea. Siku za jumuiya kusali kwetu, yeye ndiye aliyekuwa anaosha ile glasi mapema na kuzificha chupa nyuma ya makoti yake.

Nimemkumbuka sana leo.

Jumanne, 3 Septemba

Stephano, mdogo wake Theonest, kapiga simu kutoka Tabata. Misa ya arobaini ni Jumamosi ya tarehe 14. Baada ya misa ukoo utakaa, vitu vya marehemu vigawiwe. Suti, viatu, redio, saa. Desturi. Nikasema sawa shemeji.

Halafu akasema: "Nguo za braza hazinitoshi, shem, unaniona mwili wangu. Mie nipeni zile chupa tu."

Zile chupa!

Niandike vizuri ilivyokuwa, maana kosa ni langu. Siku ya pili ya msiba, kabla hatujamsafirisha kwenda Muleba, kinamama wa jumuiya walikuwa wanapanga chumba chetu wageni wapate pa kulala. Mama Marietha akafungua kabati kutafuta shuka. Akatoka sebuleni na chupa mkononi, mbele ya wanawake kama ishirini. Hizi za nani? Mimi nimekaa mkekani, khanga kichwani, sijala tangu jana yake. Mimi, katibu wa jumuiya hiyo hiyo. Mdomo ukajibu wenyewe: za marehemu.

Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema wanaume bwana, kumbe alikuwa anajificha. Mwingine akasema Mungu amsamehe. Wakazirudisha, wakaendelea kutandika.

Nikadhani yameisha. Sikufikiria kwamba cha marehemu lazima kigawiwe! Nimempa mume wangu chupa zangu akiwa amelala mochwari, na sasa ndugu zake wanakuja kuzirithi.

Ijumaa, 6 Septemba

Stephano amepita leo kuviona vitu kabla ya siku. Akazitoa zote sita, akazipanga mezani kama timu ya mpira, akazipiga picha. Akafungua ya Aberlour. Nilikuwa sijaifungua. Nilikuwa naisubirisha Krismasi — ni ya mapipa ya mvinyo, ina ladha ya keki ya matunda, ya kuonjwa taratibu na mtu akiwa ameshiba.

Akamimina nusu glasi. Akaongeza barafu. Kisha akajaza soda nyeusi mpaka juu.

 Nilishika kiti. Barafu pekee ningemsamehe, ingawa barafu ni kumziba wiski mdomo. Lakini soda! Akanywa mara tatu, akafuta mdomo, akasema: "Braza alikuwa mtu wa hatari. Alituzuga miaka yote na maziwa yake." Alikuwa anamsifia. Furaha ilimjaa usoni, kama mtu aliyegundua kwamba kaka yake mkubwa alikuwa binadamu mwenzake.

Alipoondoka nikamwaga kilichobaki, nikaosha glasi. Iliyobaki kwenye chupa nimeionja bila kitu. Zabibu kavu, mdalasini, ngozi ya mkanda mpya. Nzuri kuliko nilivyotegemea. Hasira ikazidi.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa Tunu kaja na vitumbua. Ni jirani wa ukuta kwa ukuta, na ndiye peke yake anayejua. Yeye dini yake haimruhusu hata kushika kizibo, lakini hajawahi kuninyooshea kidole. Nikamweleza.

"Sasa si useme zako, shoga! Wakule?"

Rahisi kwake. Niseme mimi, mjane wa siku thelathini na nne, katibu wa jumuiya, mweka sahihi wa michango ya kinamama? Watasema ndiyo maana mumewe alikufa kwa presha. Watasema hata msibani alikuwa anaingia chumbani kufanya nini. Nawajua. Na mimi nimeshawahi kusema maneno hayo hayo juu ya mwanamke mwingine, kwa bia mbili tu.

Tunu akasema basi waache wachukue, chupa ni chupa. Hapo tukatofautiana.

Nilifikiria kuihamisha ile ninayoipenda kuliko zote kwenye chupa ya maji, na ndani ya chupa yake nitie chai ya rangi. Ni Lagavulin. Moshi wa kuni mbichi, halafu sukari iliyoungua, halafu moshi tena, na unabaki mdomoni mpaka wakati wa kupika chakula cha usiku. Nikacheka peke yangu. Kitu kimelala kwenye pipa miaka kumi na sita nikitie kwenye plastiki! Zile nyingine ningeweza kuziaga. Glenfiddich sina ugomvi nayo, ni mtu wa kusalimiana naye njiani. Balvenie ni asali, nzuri kwa anayeanza. Laphroaig haipendwi na mtu ila mimi na pua ya Theonest.

Nimeamua nitanyamaza. Wachukue tano. Lagavulin nitasema ilivunjika.

Jumatano, 11 Septemba

Mama mkwe, Mama Demetria, amefika na basi la Bukoba. Nilimpokea stendi. Shikamoo mama. Marahaba. Hakuniangalia usoni. Njia nzima hadi Tegeta hakusema zaidi ya kuuliza kama maji yanatoka.

Hajala. Stephano kamtumia zile picha kwenye simu ya mjukuu wake.

Alhamisi, 12 Septemba

Mama amesema leo asubuhi, tukichambua mchele uani.

Theonest alipokuwa na miaka kumi na mitano, baba yake aliokotwa mtaroni, gongo imemmaliza. Walimleta nyumbani kwenye machela. Baada ya maziko Theonest akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili, akasema pombe haitapita mdomoni mwake. Mama Demetria hakumwomba. Aliahidi mwenyewe. Na kila Krismasi alipokwenda nyumbani, mama alikuwa anamuuliza kwa kilugha, haijapita? Anajibu, haijapita mama. Krismasi arobaini na tatu.

"Kumbe alikuwa ananidanganya usoni," akasema. Akaendelea kutoa chuya. Hakulia. Afadhali angelia.



Tumbo linakataa! Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, mimi nimeambiwa ni tumbo. Kwanza nilikasirika. Halafu wakati napepeta nikaelewa. Angeniambia ya baba yake, ningeacha. Siku hiyo hiyo ningezimwaga. Naamini alilijua hilo. Ndiyo maana akasema tumbo, akanusa, akaosha glasi.

Na mimi nilichomlipa ni kumwita mlevi wa siri mbele ya wanawake ishirini.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimejaribu mara mbili kumwambia mama. Mara ya kwanza Marietha akaingia na masufuria ya kesho. Mara ya pili hakuna aliyeingia.

Jumamosi, 14 Septemba

Saa saba mchana. Misa imekwenda vizuri. Padre alimtaja kuwa mtu wa kiasi, na nyuma yangu mtu akakohoa. Nilimfahamu kwa kikohozi.

Kikao kimeanza sebuleni. Watu tisa. Wote wa ukoo, isipokuwa Mama Marietha, kwa niaba ya jumuiya. Stephano anaendesha, na kwa kweli anaendesha kwa heshima. Viatu vimepata mtu. Redio imekwenda kwa mtoto wa shangazi. Koti la Theonest, lile jeusi la sikukuu, Stephano alilikunja akampelekea mama yake kwa mikono miwili. La kukumbukia mwanao, mama.

Mama akalisukuma. Taratibu tu, kwa kiganja. Akasema mpeni mwingine, mimi aliyekuwa anavaa hilo simjui.

 Stephano akabaki na koti mikononi, hajui aliweke wapi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, naangalia chupa sita mezani, hata Lagavulin niliyoshindwa kuificha, na kwa mara ya kwanza sikuona hata moja ninayoitaka.

Nilifungua mdomo. Marietha akawahi, akasema tusali kidogo. Tukasali, kikao kikapumzika kidogo, nami nikaja kuandika haya.

*Saa nane na robo.* Niko chumbani. Shemeji kasema vyote viandikwe na kila mtu aweke sahihi yasije yakatokea maneno baadaye. "Shem, wewe ndo katibu, tuletee daftari." Nimekuja kulitafuta. La jumuiya silioni. Nimeshika hili, na mkono ukaanza wenyewe.

Mama amenifuata. Amefunga mlango. Ameketi kitandani, upande wa Theonest, pasipo kujua kwamba ndio wake. Anadhani nimeshaanza orodha.

Ananiuliza alianza lini. Hana hasira. Anataka tu kujua ni Krismasi ya ngapi, ili zile za kabla ya hapo abaki nazo.

Nimemwambia subiri kidogo mama, namalizia kuandika. Namalizia nini? Herufi zinapanda mlima. Naona haya. Naogopa. Huko nje Stephano ameanza kuuliza kama barafu ipo.

Anasema niandike na vyangu. Nitenge kurasa, vya marehemu huku, vyangu huku, visije vikachanganywa vikabebwa. Yeye alipofiwa walimchukulia hadi sufuria alizokuja nazo kutoka kwao, kwa sababu alinyamaza.

Nimeandika kama alivyosema.

*Vya Genoveva:*
*Cherehani.*
*Feni ya mezani.*
*Vitenge vitatu vya jumuiya.*
*Wiski, chupa sita. Zote zangu. Yeye hakuonja.*

Mama amekuja bila miwani yake, ameiacha sebuleni. Anainama juu ya daftari, haoni kitu. Anasema nimsomee, kwa sauti.