Picha Isiyo na Kizuizi

Jumatatu, 4 Juni 1979. Walukuba

Baada ya sala ya alfajiri, Wanyange tena kwa miguu. Picha mbili, kila moja ya ukubwa wa kiganja, juu ya kadi za maboksi ya sabuni. Kila picha muda wa sigara moja, ingawa sivuti. Nikizidisha, naharibu. Kwanza natazama ziwa kupitia kasha la kiberiti lililo wazi pande zote mbili. Kisichoingia humo hakichorwi. Mstari wa maji juu ya katikati. Mti mmoja mweusi kushoto. Kizuizi cha askari nimekiondoa, kama siku zote. Kinaikata barabara vipande viwili na kuua picha.

Nimekuta barua ya dada yangu Halima, kutoka Mbale. Jirani yangu Nabirye, mama wa mapacha, ameipokea kwa dereva wa lori. Bahasha ilikuwa imefunguka. Nyumba ya Halima, Namakwekwe, imechomwa, kwa kuwa sisi ni Wanubi na jeshi lililokimbia lilikuwa na Wanubi wengi. Analala jikoni, peke yake. Lazima niende. Mnubi asiye na kibali hapiti kizuizini salama. Nimepeleka ombi la kibali kizuizini.

Jumatano, 6 Juni

Picha zilizokuwa zikikauka dirishani zilikuwa sita. Ziko tano. Iliyopotea ni ya barabara ya Wanyange. Si upepo. Niliziwekea mawe, na jiwe lake lipo.

Namshuku Nabirye. Huwauzia askari mahindi ya kuchoma. Jana alipaza sauti uani, kwa Kiswahili chake kisichotofautisha mimi, wewe na yeye: "Mwalimu, bado nachungulia kiberiti? Natafuta moto?" Watu wakacheka. Sikucheka.

Alhamisi, 7 Juni

Nimefunga dirisha. Joto. Nabirye ameniletea mahindi mawili. Kwa nini leo? Nimewapa kuku wake mwenyewe. Ombi halijajibiwa.

Jumamosi, 9 Juni

Nimeitwa kizuizini. Picha yangu ilikuwa juu ya meza ya afande, Mtanzania mwenye sauti ya chini. Nabirye alikuwa hatua chache kando na jiko lake la mahindi. Nikajua. Ni yeye aliyeichukua.

"Shikamoo, mzee." Adabu hiyo ilinitisha zaidi. "Mimi nasimama hapa tangu Aprili. Mbona kwenye picha yako sipo? Unamwonyesha nani barabara isiyo na askari?"

Miaka yote naondoa vitu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu angetazama nilichoondoa. Nilisema kweli: kizuizi kikikaa katikati, jicho halina pa kwenda.

"Basi kiweke pembeni." Akawasha sigara. "Chora. Hii ikiisha, nataka kuiona."

Nilichora. Kizuizi nilikisogeza kulia, alama tatu nyeusi za brashi, moja yao afande. Mti nikauondoa. Picha ikasimama. Niliudhika: ilikuwa bora kuliko zote.

Afande alichukua kasha langu, akachungulia barabara, akaitazama kadi. "Sasa nimo. Ingawa umeninyima kichwa." Akapiga muhuri kibali.

Nabirye akaja. "Mimi ndiyo nilileta picha, mwalimu. Nilisema, afande, ona, huyu mzee nachora maji na miti tu. Mpe karatasi, aende kwa dada yake."

Kiswahili chake sikukisahihisha. Kumshukuru pia nilishindwa. Alitaka kuniokoa na nusura aniangamize. Lakini bila yeye ombi langu lingeoza mezani.

Jumapili, 10 Juni

Nimempelekea Nabirye zile picha tano achague. Amechukua yenye mti, ameiweka juu ya kitanda cha mapacha. Amenipa uji. Nilikunywa huku nikijiuliza anataka nini. Hakutaka kitu. Naona aibu. Lakini barua yangu aliisoma; hilo nimemwambia. Amekubali bila haya.

Ijumaa, 15 Juni. Namakwekwe

Nimefika salama. Halima mzima, amekonda.

Baada ya sala ya Ijumaa nimechora mlima Wanale. Ndani ya kasha: mlima juu, migomba chini, na kulia kuta nyeusi za nyumba yake, bila paa. Mkono ulitaka kuziondoa. Nimeziacha. Si katikati.

Halima alitazama juu ya bega langu. "Kaka, na jiko langu?"

Nimeliweka. Doa dogo, na moshi.

Picha inakauka kwenye dirisha la jiko. Dirisha nimeliacha wazi.