Hodi ya Wilf

Jumamosi, 1 Desemba

Baridi ya kweli, ya kwanza mwaka huu. Majani ya bustanini yameganda, nikiyakanyaga yanavunjika. Nimetafuta glovu zangu nikaambulia za Wilf. Nimezivaa hivyo hivyo. Zinanipwaya, potelea mbali.

Leo ndiyo siku yetu ya kuanza matembezi ya baridi. Kiangazi hatwendi. Mfereji unajaa watu wa mashua za kukodi, wanagongana kwenye malango ya maji na kufokeana mbele ya watoto. Baridi ikiingia wanarudi kwao, na mfereji unabaki wetu na yule ndege, korongo. Zamani tulikuwa kundi zima, tunashika njia yote. Sasa tumebaki mimi, Glenys na Desmond, pamoja na Biskuti, mbwa wa Desmond, ambaye naye ni mzee kutushinda sote. Na hii ni Desemba ya kwanza bila Wilf wangu.

Basi tumetoka pale kanisani, tumekata shamba la Tranter kama miaka yote, tumefika geti la pili — kufuli! Mnyororo mpya unang'aa, na kibao: hakuna njia. Mzee Tranter kafa, wanawe wameuza, na mnunuzi ni Bwana Pettifer wa London, ambaye hakuna aliyewahi kumwona dukani. Glenys kaushika mnyororo akautikisa kama anamtikisa mtu. Desmond kasema turuke. Kaangalia goti lake, kamwangalia Biskuti, akasema basi tusiruke.

Tumerudi kwa barabara kuu, malori yanaturushia tope. Chai ya chupa tumeinywea kituo cha basi. Miaka yote hiyo tumeinywea juu ya boriti ya lango la maji, miguu inaning'inia, na leo kituo cha basi! Nimefika nyumbani nikalia kidogo. Si kwa ajili ya njia. Au ni kwa ajili ya njia, sijui.

Jumamosi, 8 Desemba

Mvua. Hatukwenda popote. Glenys kaja, kaingia kwa mlango wa jikoni bila hodi, kama kawaida yake tangu tukiwa wasichana, kaweka birika motoni mwenyewe, ndipo akanisalimu. Desmond nyuma yake, anafuta miguu ya mbwa kwa taulo langu.

Glenys alikuwa karani wa shule na mpaka leo anazungumza nasi kama tumechelewa kengele. Kaenda halmashauri, kauliza, karudi na sheria kichwani. Njia ikipitwa na watu miaka ishirini, mchana kweupe, bila kuvunja ua na bila kuomba ruhusa ya mwenye shamba, inakuwa njia ya umma. Pettifer anaweza kuila hiyo kufuli yake. Atakuja mkaguzi, atakaa ukumbi wa kijiji, atatusikiliza mmoja mmoja, na wakili wa Pettifer atatuuliza maswali.

Desmond kauliza hilo la ruhusa lina nini. Kuna ubaya gani mtu akiomba?

"Ubaya upo," Glenys kamjibu. "Anayebisha hodi amekubali kwamba hapo si pake. Akitokea mtu mmoja tu aseme tulikuwa tunaomba, wakili atalishika hilo hilo, na njia imekwenda."

Wakacheka. Nani aombe kupita shamba la Tranter! Glenys kasema shahidi wa kwanza nitakuwa mimi, maana mimi na Wilf ndio tuliopita pale tangu uchumba, na hakuna wakili atakayethubutu kumsumbua mjane. Nilikuwa na kipande cha jibini mdomoni. Nikakitafuna muda mrefu sana.

Jumapili, 9 Desemba

Sijalala vizuri. Wilf, umenitia kwenye nini wewe?

Wacha niandike, humu haingii mtu. Wilf aliomba. Kila mwaka! Siku ya pili ya Krismasi, matembezi makubwa kuliko yote, watu wametangulia na kelele zao, yeye anachepuka nyuma ya ghala la Tranter. Mfukoni ana chupa ya vitunguu vya siki alivyovitia mwenyewe tangu Oktoba, nyumba nzima inanuka siki mpaka pazia. Anabisha mlango wa nyuma. Anavua kofia. "Hodi, Bwana Tranter. Tunaomba kupita mwaka mwingine." Na mzee Tranter anapokea chupa, anasema karibuni, pitieni, fungeni mageti. Basi. Wilf anatufuata mbio, pua nyekundu.

Wenzetu walidhani anakwenda kukojoa. Kila mwaka walimtania na kibofu chake. Hakuwahi kuwasahihisha. Mimi nilikwenda naye mara moja, mwaka tuliooana, nikamuuliza kwa nini, mbona wengine wanapita tu. Akasema baba yake alikuwa kibarua, waliishi nyumba ya tajiri, na siku tajiri alipotaka nyumba yake walitoka na magodoro mvuani. Mtu akikuachia upite kwake, alisema, umwambie ahsante angali anakupenda.

Nilimpenda kwa hilo. Bado nampenda kwa hilo, ndilo balaa lenyewe.

Jumatano, 26 Desemba

Siku yenyewe. Tumetembea kwa barabara mpaka daraja la matofali, tukateremka mfereji kwa ngazi za utelezi. Mbali mara mbili, na Biskuti kabebwa nusu ya njia. Lakini tumefika! Moshi wa makaa unatoka kwenye mashua mbili tatu za wale wanaoishi majini mwaka mzima. Mwanamke mmoja anamwaga majivu, katupungia mkono. Maji meusi, yametulia tuli. Korongo yule, au mjukuu wake, kasimama pale pale.

Tukakumbuka mwaka mfereji ulipoganda wote. Wilf akijifanya bingwa, akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akasimama juu ya barafu na kofia kifuani anatuimbia. Sote tunamwambia toka wewe mwendawazimu. Barafu ikasema kwaa! Akazama mpaka magotini — mfereji wenyewe haufiki kiuno. Tulimvua suruali kwenye baa, ikakaushwa mbele ya moto, naye kajifunga kitambaa cha meza anakunywa supu kama mfalme. Glenys alicheka mpaka akatoka nje kupumua. Leo tumecheka tena vile vile.

Halafu Desmond kasema, saa hizi Wilf angekuwa nyuma ya ghala na kibofu chake. Wakacheka. Glenys kanishika mkono akasema yule mtu alikuwa anajaza njia nzima peke yake. Nilitaka kumwambia pale pale. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema nani ana pai.

Nina chupa moja ya vitunguu imebaki kabatini. Ya mkono wake, ya mwisho. Sijaifungua.

Jumamosi, 12 Januari

Theluji. Mkaguzi atakuja tarehe tano Februari. Glenys katufanyisha mazoezi, yeye ndiye wakili, kavaa miwani puani. Kaniuliza kama mimi au marehemu mume wangu tuliwahi kuomba ruhusa. Nikasema chai inapoa.

Alhamisi, 24 Januari

Nimefanya jambo.

Jua lilitoka, jua lile la Januari lisilo na joto ila linakuita nje. Nikasema niende mpaka getini tu, nitazame. Nimefika, namkuta mtu upande wa pili, kijana wa miaka arobaini hivi, gambuti mpya hazijaona tope, anahangaika na kondoo aliyenasa pembe kwenye ua. Anamvuta vibaya. Nikamwambia usimvute, msukume kwanza mbele. Akamsukuma, kondoo akatoka. Akacheka kwa aibu. Ndiye Pettifer! Nilikuwa nimeandaa matusi ya kumwambia tangu Desemba, yote yakanitoka.

Kaniambia watu waliacha mageti wazi vuli iliyopita, kondoo wake wawili wakaingia mferejini wakafa. Kaja mgeni hapa, hajui mtu, hakuna aliyemsalimu, kaona barua tu za halmashauri zinamjia. Nikamtazama. Na hapo — Mungu wangu — nikavua kofia. Sikuwaza. Mkono wenyewe ulikwenda.

"Naomba kupita mpaka mfereji," nikasema. "Mume wangu alikuwa anapapenda."

Akatoa funguo. "Pita tu, mama. Ungeomba siku zote ningekufungulia."

Nimepita. Shamba la chini, ule mti ulioinama, kipandio cha mbao cha kuvukia ua, pale Wilf aliponivusha mara ya kwanza akasahau kuniachia mkono. Nimekaa juu ya boriti ya lango la maji, miguu inaning'inia, peke yangu. Hakukuwa na mtu ila korongo. Furaha niliyoisikia pale siwezi kuieleza, na aibu juu yake. Maana wenzangu wako nje ya kufuli, na mimi nimefunguliwa kwa sababu nimevua kofia.

Ijumaa, 25 Januari

Glenys kaingia jikoni, bila hodi, kaona gambuti zangu kwenye gazeti. Tope jekundu. Lile la shamba la chini, halipo pengine popote. Katazama gambuti, kanitazama mimi.

"Umeruka geti?"

"Nimefunguliwa."

"Umemwomba ruhusa."

"Nimemwomba kama Wilf alivyokuwa akiomba."

Nikamweleza yote. Ghala, vitunguu, kofia. Alikaa chini na koti lake. Nilidhani atacheka, maana kibofu kile amekitania maisha yake yote. Hakucheka. Kasema watu wengi wameahidi kusimama mbele ya mkaguzi. Kasema Desmond hana kitu kingine kwa wiki nzima ila matembezi hayo. Kasema ruhusa ya Pettifer ni ya leo, kesho akiuza, akigombana na mkewe, akiamka vibaya, imekwisha. Na yote hayo ni kweli, hilo ndilo lililonikera.

"Basi useme hukumbuki," akasema. "Kwa umri wetu nani atashangaa?"

Nikamwambia sitasimama mbele ya watu nimfanye Wilf mtu aliyepita nyumba za watu kimya kimya kama kibaka. Akasema Wilf amekufa na sisi bado tuna miguu. Labda alilisema kwa upole. Mimi sikulisikia kwa upole. Nikafungua mlango, nikamwambia siku nyingine akija kwangu abishe hodi, kama watu wengine.

Akachukua kofia yake nyekundu akaondoka. Birika lilikuwa linaanza kuchemka.

Jumamosi, 2 Februari

Hakuna matembezi. Desmond kapita peke yake na Biskuti, kasimama nje ya uzio, kauliza kama naumwa. Nikasema mafua. Kasema ajabu, Glenys naye ana mafua. Kaniambia tu kwamba Biskuti kila wakifika kanisani anavuta kamba upande wa shamba la Tranter, haelewi habari za kufuli, na yeye hajui amwelezeje.

Nimeitoa chupa ya vitunguu kabatini. Nimeirudisha.

Jumanne, 5 Februari

Saa mbili asubuhi. Mkaguzi anaanza saa nne. Nimevaa koti la kanisani, glovu za Wilf ziko mfukoni. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. "Sikumbuki." Linatoka laini, hata mimi ningeliamini. Kisha nikajaribu, "Ndiyo, aliomba, kila mwaka," na sauti ikakatika katikati. Hili la pili linapoteza njia. Lingine linapoteza mtu niliyetembea naye njiani humo. Mpaka sasa sijui lipi litatoka.

Na nikisema la kweli, Glenys hatanisamehe, na nani atabaki wa kukumbuka ile suruali iliyokaushwa motoni? Desmond alikuwa keshalewa.

Gari limesimama nje. Lake hilo, naijua breki. Mlango wa jikoni sijaufunga kwa komeo, sijawahi kuufunga asubuhi. Birika liko tayari, anajua lilipo. Naandika huku namsubiri aingie.

Hajaingia. Anagonga. Naiona kofia nyekundu kwenye kioo cha mlango, imerudi nyuma kidogo, inangoja.

"Hodi, Doreen."

Glenys huyu! Aliyeingia siku Wilf alipofariki, akanikuta sakafuni, akakaa nami hapo sakafuni bila kuuliza.

Amebisha tena. Neno la kumjibu ni moja tu na bado sijalitoa, na kalamu sijui kwa nini siiweki chini. Hodi ya tatu hiyo. Nani kamwambia hapa si pake? Mimi.