Springi za Gari Letu la Kibugu

Mpendwa Baba Wanja,

Gari letu lilikuwa kuukuu hata wakati ule. Ulilitoa Kiirua kwa mzungu uliyemwendeshea trekta, na lilitutumikia vizuri mpaka Waingereza walipotangaza Hali ya Hatari, tukaamriwa kuacha mashamba na kuhamia Kibugu, kijiji kilichozungushiwa handaki. Ulilibebesha mabati na mihimili ya majirani, safari baada ya safari, mpaka springi za upande mmoja wa nyuma zikakatika karibu na lango. Mkubwa wa homgadi, wale walinzi wenyeji waliowatumikia Waingereza, akasema kama halitatembea kabla ya mvua, atalisukumia handakini.

Nilikuwa na mimba ya Wanja. Hukumtaja mtoto wetu wa kwanza, aliyetufia njiani kwenye mkokoteni wa ng'ombe tukielekea hospitali ya misheni, lakini nilijua unawaza nini kila ulipoitazama ile barabara.

Ukapata springi za lori bovu, ndefu na ngumu kupita kiasi. Tuliruhusiwa muda mfupi tu jioni, baada ya kazi ya kulazimishwa, basi mimi nikavukuta moto na wewe ukapiga nyundo. Chini tulichora kwa makaa mkunjo wa springi za upande uliobaki mzima, na kila chuma kilichotoka motoni tulikipima juu ya mchoro. Cha kwanza ulikizamisha kwenye maji, kikapasuka. Ukakaa chini, ukasema tuache.

Nikakuambia, "Mimi mkokoteni sipandi tena."

Ukainuka, ukaenda kutafuta mafuta machafu ya injini. Vyuma vilivyofuata tulivipoza humo, na hakuna kilichopasuka. Bushi, zile pete za mpira za kuzuia vyuma visisagane, tulizichonga kutoka kwa tairi lililoisha. Siku ya kufunga, wewe ulikuwa chini ya gari na mimi nimeshika boliti kutoka juu, na tumbo langu lile, tukicheka kwa sababu sikuweza kuinama kuona ninachoshika.

Uchungu ulinianza asubuhi, mvua ikiwa bado. Mkubwa wa homgadi alichungulia chini ya gari akasema hatutafika hata mtoni, sembuse hospitali.

"Fungua lango," ukamwambia, bila kupandisha sauti.

Lo, jinsi lilivyokwenda! Lilizama kwenye mashimo na kuinuka polepole, kama mtu anayepumua. Tulipofika pale tulipompoteza yule wa kwanza ulipunguza mwendo. Nikakugusa bega, nikakuambia twende. Tukavuka mto. Wanja alizaliwa mchana, akalia kwa nguvu mpaka manesi wakacheka.

Tuliporudi, wanawake waliacha majembe handakini wakapanda juu kutupokea kwa vigelegele. Lango lilifunguliwa kabla hujapiga honi.

Sasa mjukuu wetu ameniuliza miaka ile ilikuwaje. Nimemsimulia njaa, na wale ambao hawakurudi. Halafu nikamwambia kwamba katika miaka hiyohiyo niliingia kijijini na mtoto mikononi, mume wangu akiimba kwa sauti kubwa, na hakuna askari aliyethubutu kumnyamazisha. Wewe mwenyewe sikuwahi kukuambia ulipokuwa hai: katika maisha yangu yote, sijawahi kuwa na furaha kama ya siku ile.

Lala salama, mpenzi wangu. Tuliwashinda.

Mkeo,
Mama Wanja