Mikono Miwili ya Kushoto

Mwenzio nimeumbuka leo! Uko wapi? Nimekaa tu hapa kwenye cherehani, hata kutunga uzi siwezi.

Unamkumbuka yule mama mpole aliyeleta kitambaa cha zambarau, ashonewe gauni la harusi ya bintiye? Nimemkatia mikono yote miwili ya kushoto. Ya kushoto yote! Mimi, fundi mzima!

Sasa amekuja kujaribu, na wateja watatu wamejaa pale kwenye benchi. Badala ya kusema nimekosea, nikamkaripia: "Mama, ulileta kitambaa kidogo, mimi nifanyeje?"

Mbele za watu!

Akaishika ile mikono, akaigeuzageuza, akanitazama. Akasema tu, "Haya mwanangu, ngoja nikaongeze."

Akaenda sokoni kwa miguu, na jua lote lile.

Amerudi wateja wameshaondoka. Akaniwekea mita nzima mezani, kisha akaninong'oneza, ingawa tulikuwa wawili tu: "Nimeshona miaka thelathini kabla macho hayajachoka. Mikono miwili ya kushoto naijua. Hata mimi niliwahi kumsingizia mteja."

Yaani alijua! Alijua tangu mwanzo, akanisitiri!

Na ni mimi huyuhuyu niliyekuhubiria jana habari za neema, nusu saa nzima, ukanivumilia.

Nikakikunjua kile kitambaa mezani. Alipofika mlangoni akageuka, akatabasamu:

"Kitakachobaki kaa nacho, mwanangu. Utakosea tena."