Uwanja wa Nyuma ya Bohari

9 Februari

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko imeshakuzoea, maana wewe kuizoea najua bado. Mimi sijambo, ila bega la kulia ni lile lile. Miaka ya kukamua mashuka ya hospitali haiondoki kwa kustaafu. Kwenye simu huwa tunaishia hujambo, sijambo, kisha inakatika, ndiyo maana naandika.

Jumamosi ya kwanza baada ya wewe kuondoka, nilisikia hodi asubuhi. Kufungua mlango, nikawakuta wanafunzi wako wa upinde wamejipanga.

"Bibi, tumekuja kuchukua ufunguo wa stoo."

Nikawaambia kocha amesafiri, amekwenda kutafuta maisha.

"Tunajua," wakasema. "Tumekuja kuchukua ufunguo."

Ningewafukuzaje? Nikavaa viatu, nikafuatana nao hadi kule nyuma ya bohari. Fundi Cheche, mwenzako wa kujitolea, alikuwa ameshatundika magunia ya shabaha. Unamjua: kuchomelea vyuma ni hodari, kusema ni mchoyo. Anawaonyesha jinsi ya kuvuta, watoto wanauona mgongo wake tu. Wengine wanapiga, wengine wanakimbilia mishale. Filimbi yako ilikuwa imening'inia msumarini. Nikaipuliza. Wote wakasimama wima.

Sasa niambie, baada ya kupuliza nifanye nini?

Mama yako

2 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, wasiwasi ni juu ya bega lako. Barua yako niliisomea ndani ya basi, nikacheka peke yangu mpaka jirani yangu akahama kiti.

Milio miwili, wasogee mstarini. Mlio mmoja, wapige. Milio mitatu, wakachukue mishale, na wasikimbie. Kabla ya hiyo mitatu, hata unyayo usivuke mstari. Uzi unavutwa kwa vidole vitatu, mpaka cha shahada kiguse pembe ya mdomo. Anayekosa usimkaripie, ameshajikaripia. Na yule binti tunayemwita Kimya, akivuta usimsemeshe. Simama nyuma yake tu, anapenda kujua kuna mtu.

Kazi ya kiwanda cha mbao inakwenda. Tunalala watu wanne chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta. Jumamosi ndiyo siku yetu ya kulala, lakini mimi naamka mapema kuliko siku za kazi. Nakaa kitandani nikijua kwamba saa hiyo mnatundika magunia. Vumilia mwaka huu mmoja, mama. Nitarudi na pinde za kweli, tuachane na zile tulizokunja kwa mabomba ya maji.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Unakula? Usinijibu ndiyo ya kuniridhisha.

Mambo yalikuwa yananyooka. Watoto wananiita Bibi Kocha, na Fundi Cheche na mimi tumegawana kazi: yeye mikono, mimi mdomo. Lakini Jumamosi iliyopita kijana mmoja alivuta akicheka na mwenzake, mshale ukaruka ukuta. Ukatua uani kwa mwoka mikate, ukachoma shuka lililoanikwa, na mkewe alikuwa upande wa pili wa shuka hilo akianika jingine. Hakuguswa. Ila alipiga ukelele uliosikika mtaa mzima.

Nilikwenda kuomba radhi, nikashona lile shuka mwenyewe. Mama yule amenisamehe. Wazazi ndio hawajasamehe. Leo wamekuja watoto wanne tu. Nimewafundisha hao hao wanne, lakini uwanja ulikuwa mpana mno.

Mama yako

11 Mei

Mama, shikamoo.

Nimesoma barua yako. Mama, funga uwanja. Funga stoo, ufunguo uweke kwako, ningojeni mpaka nirudi. Ule ukuta niliuona mfupi tangu zamani, nikasema nitaushughulikia. Likitokea la kutokea nikiwa huku, nitaishi vipi? Mwambie na Fundi Cheche. Tafadhali.

Mwanao

6 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimekuelewa, na sitafunga.

Usiudhike, nisikilize. Mtoto hangojei kama nguo kwenye kamba. Ukirudi mwakani utakuta ndevu na watu wasiokujua. Nilichofanya ni kupita nyumba kwa nyumba. Sikuwaambia wazazi hakuna hatari, wangenicheka. Niliwaambia, "Njoo ukae nyuma ya mstari, uone mwenyewe. Ukiogopa, mchukue mwanao hapo hapo." Fundi Cheche ameinua vyuma juu ya ukuta, na mwoka mikate ametoa magunia yake matupu, tumeyashona yakawa pazia refu nyuma ya shabaha. Anasema bora atoe magunia kuliko mke.

Wamerudi karibu wote. Wazazi wanakuja na vigoda vyao, sasa ninao wa kuwanyamazisha wa aina mbili.

Jioni nikifunga stoo huwa nageuka kukwambia kitu. Kisha nakumbuka.

Mama yako

14 Septemba

Mwanangu,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Simu yako inaita haipokelewi. Kama umeniudhikia kwa sababu ya uwanja, niudhikie kwa maandishi, nione mwandiko wako. Watoto wanauliza. Nawaambia una kazi nyingi. Kimya hajaniuliza, ananitazama tu, na huyo ndiye anayenishinda kumdanganya.

Mama yako

30 Oktoba

Mama, shikamoo.

Usishtuke kwa mwandiko huu. Mwenzangu wa chumbani ndiye anayeandika, mimi nasema.

Sikukuudhikia. Mwezi wa saba msumeno wa kiwandani ulinikamata mkono wa kulia. Nimepoteza vidole vitatu, hivyo hivyo vya kuvutia uzi. Kidonda kimefunga, chakula nakula, kiwanda kimenipa kazi ya kuhesabu mbao. Sikukwambia kwa sababu kila nikianza kusema, nakuona umesimama pale uwanjani na filimbi yangu, nashindwa.

Tiketi ya kurudi ninayo. Lakini nirudi kufanya nini? Kocha asiyeweza kuvuta upinde atawaonyesha nini watoto? Uwanja ni wenu sasa. Wape salamu, ila hili usiwaambie.

Mwanao

19 Novemba

Mwanangu, mwanangu,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Nimelia, sikufichi. Mkono huo niliuosha mimi ulipokuwa hautoshi hata kushika kidole changu. Basi. Nimelia, nimenawa uso, sasa nakujibu.

Unauliza kocha asiyevuta upinde ataonyesha nini. Umesahau unayemuuliza? Hili bega langu halijavuta uzi hata siku moja. Mwezi uliopita tulialikwa kushindana na shule mbili za ng'ambo ya barabara kuu. Wao wana pinde za dukani na makocha wenye kofia. Zamu ya Kimya ilipofika, mshale wa kwanza ukaanguka nyasini. Akageuka kunitafuta. Niligusa tu pembe ya mdomo wangu. Mshale wa pili ukashika ukingoni. Wa tatu ukakaa katikati kabisa, na Fundi Cheche akanikumbatia mbele za watu, akaona haya mpaka jioni. Tulishika nafasi ya tatu, na timu zilikuwa tatu, lakini watoto walirudi wakiimba.

Njiani Kimya akatembea kando yangu, akasema, "Kocha angependa kuona." Nikamwambia ndiyo.

Fundi Cheche nimemweleza, yeye peke yake. Alivua miwani ya kuchomelea, akaifuta muda mrefu. Kisha akasema, "Arudi. Mimi mikono ninayo, maneno sina. Na wewe mama unachoka, nakuona."

Ni kweli, nachoka. Sikuzaa vidole, nilizaa mtu. Sitaki pinde za kweli. Nataka kusikia mlango ukifunguliwa na mtu asiyepiga hodi. Nimesema yangu, sitakusukuma tena.

Mama yako

17 Januari

Mama, shikamoo.

Mwandiko huu mbaya ni wangu, wa mkono wa kushoto. Umenichukua jioni kadhaa, kwa hiyo nitasema machache.

Nafika Ijumaa ya mwisho ya mwezi usiku, nitalala kwa Fundi Cheche. Usije stesheni, na watoto usiwaambie. Jumamosi nenda uwanjani kama kawaida, uwafundishe kama kawaida. Nitapita upande wa mwoka mikate, nisimame nyuma ya ukuta, ng'ambo ya lile pazia la magunia. Nina hofu, mama. Nataka kwanza nisikie sauti yako ikiwaelekeza, nitulie. Kisha nitazunguka nije.

Mwanao