Nilimwita Fundi Mkali, Mtaa Mzima Ukanielewa Vingine

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba univumilie kwa urefu wa barua hii, kwa sababu shuleni tunafundishwa kuandika sentensi fupi na ni sentensi fupi hasa zilizoniponza, kwa hiyo leo nitaziacha zirefuke mpaka jambo lote limalizike.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, na ndiye ninayeandika ukurasa wa "Nimekwenda, Nimeona" katika gazeti letu la ukutani, ambalo halibandikwi ndani bali kwenye ubao wa kioo nje ya lango, mahali wazazi wanaposimama kusubiri watoto na wapita njia nao wanasoma, na kazi yangu ni kwenda kwenye maduka na huduma za mtaani kwetu, na mahali pa matembezi pia, kisha kueleza kwa kweli nilichokiona. Sitaki kujisifu, lakini ukurasa umefanya kazi. Niliandika kwamba mwoka mikate wa njia panda ana mikate laini kuliko wote, ila anapokea pesa na kushika mkate kwa mkono uleule, na haikupita muda akanunua koleo la kushikia mikate, na sasa akiniona analipandisha juu na kuligonganisha kama mkasi akisema, "Mama mkaguzi, umeridhika?" Niliandika kwamba msusi wa karibu na kituo ana vidole vyepesi lakini anasuka huku simu kaibana begani, ndiyo maana mistari yake inapinda kila mazungumzo yanaponoga, naye akacheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo simu inalala kwenye droo. Niliandika kwamba bustani ya bwawa ni mahali pazuri sana pa kupumzikia Jumapili, ila mbao za bembea zimeoza kiasi kwamba mtoto anabembea huku mama yake anasali, na mafundi wakaja na mbao mpya kabla mvua hazijaanza.

Basi ikafika zamu ya fundi cherehani.

Huyu ni fundi wa pale kona, mwanamume wa makamo anayeshona huku amebana pini midomoni, na mama alinituma kwake sketi yangu ya sare ikapunguzwe, na nilipoingia nilimwamkia vizuri lakini hakuitikia, akanizungusha kama mwanasesere na kuniambia kwa upande mmoja wa mdomo, "Simama wima! Mabega hayo umeazima? Na sketi hii nani alikukatia, adui yako?" na watu waliokaa kwenye benchi wakacheka, nami nikatoka pale macho yameniiva. Sketi yenyewe, nikisema kweli, ilinikaa kama nilizaliwa nayo. Lakini nilikuwa nimeumia, na nilipofika nyumbani nikachagua maneno yangu kwa makini na kuandika hivi: "Fundi huyu ni mkali. Sijapata kuona mwingine kama yeye. Ukienda kwake, jiandae."

Mshauri, nilimaanisha mkali wa kufoka. Darasani kwetu mtu mkali ni yule anayekukaripia. Nilisahau kwamba nje ya lango, ukisema "yule fundi mkali," umemvika taji.

Watu walimiminika. Baba mmoja alisoma pale ubaoni, akavua koti lake palepale na kuuliza kona ni ipi. Benchi la fundi likajaa, likaongezwa jingine, na karatasi yangu ilipobanduliwa fundi mwenyewe alikuja kuiomba, akaiweka ndani ya kioo karibu na kile wanachojitazamia wateja, kisha akaandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango, FUNDI MKALI. Nikipita anaacha cherehani na kuita, "Mwandishi wangu! Wewe ndiye uliyenijua!" Nami natabasamu na kuongeza mwendo.

Ningeweza kuishi hivyo, labda. Lakini shule nayo ilisoma, na ikampa fundi kazi ya magauni ya kwaya, na katika kwaya yuko mwenzangu wa dawati moja ambaye tunamwita Zumari kwa ajili ya sauti yake, naye ndiye aliyepangiwa kuimba peke yake Siku ya Wazazi. Zumari ni mnene, analijua hilo, na halimsumbui mpaka mtu alifanye limsumbue. Fundi alimpitishia futi kamba kiunoni, akaguna, akasema mbele ya kwaya nzima na benchi zima, "Kitambaa hiki hakimtoshi huyu, mkaongeze pazia." Zumari alirudi darasani, akaketi, akanigeukia na kusema polepole, "Umesema mkali, kumbe mkali!" Tangu hapo haendi mazoezini, anasema koo linamuuma, na mimi ninajua si koo.

Sasa mwalimu wetu wa Kiswahili amenichagua nisome kurasa zangu mbele ya wazazi siku hiyo, na ule wa fundi umo, na fundi amealikwa na atakaa mstari wa mbele, na ameshamwambia kila mteja kwamba atasomwa. Nikiusoma kama ulivyo nitakuwa nimesema uongo kwa maneno ya kweli. Nikisimama na kueleza nilichomaanisha nitamvua nguo mtu mzima mbele za watu. Mama anasema, "Mwanangu, mtu kafurahi, mwache na furaha yake." Kaka yangu anasema, "We soma tu, kila mtu ataelewa anavyotaka." Nimelala na mashauri yote mawili na hakuna lililoniletea usingizi. Ninapenda sana kuandika, na ninatumaini nikiwa mkubwa nitaandika kwenye gazeti linalochapishwa kweli, lakini nawezaje kutumaini hivyo ikiwa neno moja tu limenishinda?

Nifanye nini?

Mwandishi wa Ukutani

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu,

Nikupongeze kwanza, maana nikianza kukugombeza sitaacha. Umempa mwoka mikate koleo, umeinyamazisha simu ya msusi, umewapandisha watoto kwenye bembea salama. Wako watu wazima wenye meza na viti vya kuzunguka ambao hawajafanya hata nusu ya hayo.

Sasa kaa vizuri. Unalilaumu neno "mkali" bure. Neno halina kosa. Rudia barua yako uone. Mwoka mikate ulimwambia mikate yake ni laini na mkono wake una kasoro. Msusi ulimwambia vidole vyake ni vyepesi na mistari yake inapinda. Bustani ni nzuri, mbao zimeoza. Kila mahali ulisema ulichokiona, kizuri na kibaya, hadi msomaji akaona na yeye. Fundi peke yake ulimnyima vyote viwili. Hukuandika jinsi sketi ilivyokukaa, kwa sababu ulikuwa na hasira. Hukuandika alichokuambia, kwa sababu uliona aibu. Ukachukua hasira na aibu, ukazifungia ndani ya neno moja, ukalipeleka ubaoni na kutegemea wapita njia walifungue. Walilifungua upande waliouzoea. Ungewaandikia "aliniuliza kama mabega nimeazima," nani angevua koti pale?

Mama yako ana huruma, lakini furaha anayoitetea imemkalia Zumari shingoni. Kaka yako mwambie nimesema anyamaze. Mwandishi anayeacha kila mtu aelewe anavyotaka hajaandika, amechafua karatasi.

Sikiliza. Siku ya Wazazi isikukute na jambo hili mkononi. Nenda dukani kwa fundi kabla, saa ambayo benchi ni tupu, kwa sababu yeye alikosea kukusema mbele ya watu na wewe usilirudie kosa lake. Mwombe Zumari muende pamoja. Akikataa, usimlazimishe, na jambo lake usilitie kwenye ukurasa bila ruhusa yake. Mwambie fundi maneno yake mwenyewe kama alivyoyasema, usiyapunguze wala usiyaongeze. Kisha mwambie kuhusu sketi. Usiombe radhi kwa kuumia. Omba radhi kwa kumficha ukweli.

Halafu andika upya ukurasa wake kama ulivyowaandikia wenzake, umpe ausome kabla hujapanda jukwaani. Akinuna, anune. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Lakini huo mpya ndio utakaousoma.

Na mgongo unyooke. Mabega ni yako, hukuazima kwa mtu.

BARUA YA PILI KUTOKA KWA MWANDISHI WA UKUTANI

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia kukushukuru, na safari hii sentensi zitajitahidi.

Zumari alikubali kuja. Alisema hataki kuimba akiwa na gauni la mtu aliyemcheka, na hataki pia kunyamaza kwa ajili yake. Tulikwenda wakati benchi halina mtu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwandishi wangu! Umeleta kalamu?"

"Nimeleta maneno yako," nikasema. Nikamwambia yote, mabega, adui na pazia. Akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema," Zumari akajibu. "Na benchi zima likacheka."

"Benchi hucheka kila siku. Nilidhani nawafurahisha." Akaigeukia karatasi yangu ndani ya kioo, akaitazama kama mgeni. "Kwa hiyo ukali huu uliouandika…"

"Ni ule mwingine, fundi. Samahani sikuusema waziwazi."

"Na watu wote hawa wanaokuja?"

"Wanakuja kwa mkono wako. Hapo hawakukosea, na mimi ndiye sikuandika. Sketi yangu ilinikaa kama nilizaliwa nayo."

Akainuka, nami nikafikiri atatufukuza. Kisha akachukua futi kamba na kumwambia Zumari, "Samahani, mwanangu. Nikupime upya, kama utaniruhusu." Zumari akaruhusu. Mshauri, nilimwona fundi kila maneno yalipompanda mdomoni, na yalimpanda mara nyingi, anachukua pini kwenye kopo na kuing'ata. Mpaka anamaliza mdomo wake ulikuwa kama nungunungu. Zumari ndiye aliyeanza kucheka.

Ukurasa mpya nilimpelekea akausoma huku midomo ikicheza. Alisema neno moja tu: "Soma."

Siku ya Wazazi ukumbi ulijaa, na fundi alikuwa mstari wa mbele na suti aliyojishonea. Nilisoma hivi: "Fundi wa kona ni mkali. Mkono wake ni mkali, nguo ikitoka kwake inakukaa kama ilikuwa inakutafuta. Ulimi wake nao ni mkali, aliniuliza mbele ya watu kama mabega yangu nimeazima. Mpelekee kitambaa bila wasiwasi. Akianza kufoka, mwonyeshe kopo la pini."

Kulikuwa na kicheko, halafu kila mtu akamgeukia fundi. Yule baba wa koti akaita kutoka nyuma, "Fundi, kweli hayo?"

Fundi akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Kweli tupu!" akasema. "Lakini suruali za mtaa mzima nimezikunja pindo mimi. Na ulimi huu nitaukunja!"

Makofi kama yaliyopigwa sijawahi kuyasikia, na nilijua mengine ni yake na mengine ni yangu, na sikutaka kuyagawa. Kisha kwaya ikapanda. Zumari akatoka mbele na gauni ambalo kila mshono wake ulikaa mahali pake, wala hakulishikashika, aliliacha lifanye kazi yake na yeye akafanya ya kwake. Alipofika ile sauti ya juu kabisa, mama yangu alinishika mkono na kusema, "Basi, mwanangu. Ulikuwa sawa."

Maandishi mekundu bado yako juu ya mlango wa fundi. Ila chini yake ameongeza mengine, kwa herufi ndogo alizozipaka mwenyewe: WA SINDANO TU. Na mwalimu wetu ameuliza kama ningependa muhula ujao nisimamie gazeti zima. Nimemjibu kwa sentensi fupi.

Mwandishi wa Ukutani

MSHAURI

Binti, kabati langu lina koti linalonibana makwapani tangu nilinunue. Nitumie njia ya kufika hapo kona. Na tangulia kwa fundi umwambie anakuja mteja mwenye ulimi kumshinda, kwa hiyo pini aniwekee na mimi.